Bwana Asiyekula

Kwanza niliusikia mlio wa mashine ya sinema, kama cherehani inayoshona haraka, kabla picha yoyote haijaonekana kwenye shuka jeupe. Juzi niliitazama tena filamu ile mjini. Vijana walicheka, nami nikarudi kwenye alasiri ile ya utotoni, mtaani kwetu Kamalondo enzi za ukoloni, katika ukumbi wa misheni uliozibwa madirisha kwa magunia yaliyonuka unga wa mahindi.

Kwenye shuka, bwana mweupe aliyechana nywele vizuri alimkaribisha mgeni kwa chakula kingi, lakini yeye hakula. Baadaye akamnyonya damu. Watoto tulipiga kelele: "Mutumbula!" Ndivyo tulivyowaita wazungu waliosemekana kuwanenepesha watu weusi ili wawale.

Nilikimbia nyumbani. Tulikuwa wawili tu, mimi binti yake na baba, mpishi wa mzungu aliyeishi peke yake. Nilimkuta akifunga vifungo vya koti lake, lenye harufu ya sabuni na vitunguu, arudi kupika cha jioni.

"Baba, patron yako, ule muzungu, anakulaka nyama?"

"Hapana, mama. Tumbo yake iko mubaya. Nyama yote anasemaka nikule mimi."

"Usiende! Anakunonesha!"

Alicheka mpaka akakaa. "Miye, na hii mifupa? Atachoka kutafuna."

Leo najua mzungu yule alikuwa mgonjwa tu. Siku ile nilijua kwamba baba anakwenda kuliwa, na anacheka. Nililing'ang'ania koti. Akanibandua vidole kimoja kimoja, polepole, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.