Mdudu wa Shaba

Baba mdogo alinipigia simu nikiwa dukani Omurushaka, napanga ndoo za plastiki. Akasema, "Jumatatu tunabomoa jiko la bibi yako. Kama una chako mle, njoo ukichukue."

Nikapanda bodaboda hadi Kibingo, njia nzima najiambia kwamba mle sina changu. Masufuria waligawana siku ya kumaliza matanga, mtungi ulipasuka zamani, kinu alikichukua mama mkubwa. Lakini nilipoinama kuingia, harufu ya moshi na maganda makavu ya ndizi ikanipokea kama vile mwenyewe yupo, na mkono wangu ukapanda wenyewe hadi juu ya ukuta, pale matete ya paa yanapokutana na udongo. Kopo lilikuwepo. Lile kopo bapa la dawa ya viatu, limeshika kutu pembeni. Ndani yake, juu ya kipande cha kanga, alilala mdudu mmoja wa kuvulia samaki, wa kufungwa kwa mkono. Wa mwisho.

Ngoja nikueleze, maana wewe utanielewa. Si zamani sana, mimi mwenyewe bado naitwa binti, chini ya kibanja chetu cha migomba palipita kijito. Maji yake yalikuwa baridi ya kuuma meno, yanateremka juu ya mawe kwa kelele kama za akina mama wanaotoka kanisani. Humo walikaa kuyu, samaki wa magamba makubwa yanayong'aa kama sarafu. Kambare wa kule kwenye matete walivuliwa kwa minyoo, hawana shida. Kuyu wetu walikuwa na maringo. Mnyoo hawautazami. Wao walikula vijidudu vya chini ya mawe, watoto wa kereng'ende ambao hawajaota mabawa, na kijidudu kile ukikichoma kwa ndoano kinapasuka kama tone la uji. Kwa hiyo bibi alikuwa anawatengeneza wa kwake.

Ufundi wenyewe aliuleta padri mmoja mgeni, mtu wa nchi ya milima na mito ya baridi. Babu ndiye aliyekuwa akimwonyesha njia za mtoni, na padri akamfundisha kuvalisha ndoano manyoya. Babu hakuweza, vidole vyake vilikuwa vya jembe. Akaja kubwaga ndoano na manyoya mbele ya mke wake aliyekuwa anasuka kikapu. Bibi akamgeuza mdudu wa padri mara moja tu.

"Huyu padri wenu hajui kufunga mdomo," akasema. "Samaki wa pili atamfumua."

Akamfunga upya kwa fundo lake la vikapu, alilorithi kwa mama yake. Tangu hapo babu akavua, bibi akafunga. Babu alipofariki, ikawa mtihani, kwa sababu kwetu mwanamke mtu mzima hakushika mwanzi wa kuvulia. Mtoto pale nyumbani nilikuwa mimi peke yangu, nina miaka minane, meno ya mbele sina. Bibi alinitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Wewe nenda tu. Maji bado hayajajua kama wewe ni mwanamke."

Wadudu tuliwafunga Jumamosi mchana, baada ya kugeuza kahawa kwenye mkeka uani. Bibi alichana kijiti cha mbuni, akabana ndoano katikati, kisha akakikaza kwa mpira wa tairi ya baiskeli ili isicheze. Kwanza ulikuja waya wa shaba, mwembamba kama unywele, alioutoa ndani ya dinamo ya baiskeli ya babu. Niliuzungusha kwenye shina la ndoano, duara kwa duara, zikibanana bila kupandana. Uzito wote ulikuwa hapo. Bila shaba, mdudu anaelea juu kama jani na kuyu wanamcheka. Halafu mkia, nyuzi tatu za unyoya wa shingo ya jogoo. Halafu manyoya ya sikio la mbuzi, niliyoyasokota kwenye uzi uliopakwa nta, nikamvalisha tumbo, nene mbele, jembamba nyuma. Mwisho ukanda mwembamba wa ganda kavu la mgomba, nikaukunja juu yake ukawa mgongo. Bibi alikuwa akinisimamia huku anatafuna kahawa.

"Umemnenepesha. Huyo ni mdudu au mwenyekiti wa kijiji?"

Nikafumua, nikaanza tena.

Jirani yetu, mzee wa kanisa, alikuwa akipita na majani ya mbuzi wake, anasimama mpakani. "Mama, na wewe utaulizwa mbinguni. Unawadanganya viumbe wa Mungu kwa sikio la mbuzi!"

"Mbuzi mwenyewe ni wako," bibi alimjibu bila kuinua kichwa. "Tutaulizwa pamoja."

Mzee alicheka mpaka majani yakamponyoka. Na Jumapili jioni alikuja kula samaki huyo huyo aliyedanganywa.

Kuyu wangu wa kwanza nilimlilia. Alipanua mdomo mchangani kama anayetaka kuniambia jambo, na mimi nikamwomba msamaha kwa sauti. Bibi alinikuta nimemkumbatia, gauni lote limelowa. Akamchukua taratibu. "Haya, wewe mlilie, mimi nitamla." Akamkunja kwenye jani la mgomba na chumvi, akamlaza juu ya ndizi zilizokuwa zinachemka, na harufu iliyotoka pale, rafiki yangu, ilinimaliza machozi. Nilikula hadi kichwa.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikukifanya kamwe. Fundo la mwisho. Kwa bibi, mdomo wa kikapu anaufunga mwanamke mwenye nyumba yake. Binti akiufunga, au hata akitazama unavyofungwa, nyumba yake itachelewa, hataolewa mapema. Na mdudu, kwake yeye, alikuwa kikapu kidogo tu. Kwa hiyo uzi ulipofika kichwani mwa mdudu, alisema, "Geuka, mwana wange." Nikageuka. Nikatazama kahawa, nikatazama kuku, nikasikia ulimi wake ukilowesha uzi, kisha sauti ndogo ya kukatwa kwa meno. "Tayari." Miaka yote ile niligeuka. Nilikuwa mtoto msikivu mno.

Nilipomaliza darasa la saba nilikaa naye kidogo, kisha nikaenda kuuza dukani. Nilikuwa na ndoto zangu, usinicheke. Niliona kibanda changu pale Omurushaka, kibao cha buluu kimeandikwa "Wadudu wa Bibi", watu wanashuka kwenye mabasi ya Bukoba wananunua wawili wawili. Nilijua kila kitu isipokuwa fundo, na fundo nilijua liko wapi, liko nyumbani, linanisubiri. Krismasi moja nilikaa naye siku nne na simu mpya mkononi. Nikapiga picha mgomba uliozaa, nikapiga picha ndama wa jirani. Vidole vyake sikuvipiga.

Mwaka uliofuata akapatwa na kiharusi. Nilimkuta ameegemezwa ukutani, nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia kwa upande mmoja wa mdomo. Akaniamuru nilete kopo, kijiti na uzi.

"Leo usigeuke," alisema. "Nyumba ije, isije, shauri yake."

Nilimfungia mdudu mzima hadi kichwani, nikamwekea uzi kwenye mkono wa kulia. Ukateleza. Nikauweka tena. Vidole vililala tu, kama vya mtu mwingine. Alijaribu kwa wa kushoto, ukaenda kinyume, ukajikunja, ukagoma. Alijaribu kunieleza kwa maneno, pitisha hapa, rudi huku, akakwama katikati, akaniangalia kwa mshangao. Hakuwahi kulisema fundo lile maishani mwake. Alikuwa analifanya tu.

"Mkono umeondoka kabla yangu," akasema, akacheka kidogo, na mimi nikacheka, kisha tukashindwa kuendelea kucheka. Tulimzika kabla kahawa haijaiva.

Sasa nimekaa kizingitini na kopo mapajani. Mdudu aliyemo bibi alimfunga mwenyewe, fundo na yote, kabla ya kiharusi. Asubuhi nilishuka hadi mtoni. Mikaratusi imepandwa kingo zote mbili, mirefu, mizuri, na chini yake ni mchanga mkavu. Niligeuza jiwe kwa mazoea. Siafu.

Baba mdogo alipita na shoka begani. "Shikamoo baba." "Marahaba. Umepata ulichokuja kutafuta?" Nikamwonyesha. Alimshika kwa vidole viwili, akamtazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea, maana hata yeye alikua kwa kuyu wa ndoano hizi. "Utamvulia wapi, mwanangu? Kwenye vumbi?" Akanirudishia, akaenda kupima nguzo za jiko.

Nikawaza hivi. Nikimtunza, nitakuwa na mdudu mmoja. Nikimfumua polepole, nikatazama uzi unavyorudi njia uliyokwenda, nitakuwa na fundo, na fundo ndilo wadudu wote. Mto unaweza kurudi siku moja, mikaratusi huwa inakatwa. Niliamini kweli. Nilijisikia mwerevu.

Nikatafuta ncha ya uzi kwa sindano, nikaipata chini ya nta. Nikavuta kidogo, haikuja. Nikavuta tena, na fundo lote likaachia mara moja, kama mtu aliyekuwa ameshikilia pumzi. Sikuona chochote. Ganda la mgomba likawa unga kwenye gauni langu, manyoya yakapeperuka kuelekea uani, na shaba ikabaki imeikumbatia ndoano yenye kutu.

Uzi ulibaki mkononi, na kwenye uzi kulikuwa na makunyanzi. Nikauinua kwenye mwanga. Kunjo moja, jingine, halafu mawili yaliyokaribiana. Njia ya vidole vyake ilikuwa imeandikwa pale, yote, kwa kipimo chake. Nikaulowesha kwa ulimi kama alivyofanya, ili nianze kuufuata.

Ukanyooka.