Tundu Lililozibwa

Nikisikia harufu ya majivu na limao, kidole changu hutafuta ukingo wa sarafu. Kwa hivyo viwili bibi aliing'arisha rupia yake ya fedha ya enzi za Mjerumani, tukaipeleka kwa sonara mjini Tabora kuiuza ili ninunuliwe viatu vya shule.

Sonara aliidondosha kwenye jiwe, akasikiliza mlio, akaigeuza mwangani.

"Safi, mama. Haina kasoro."

Nakiri, sikuweza kuvumilia kosa. "Inayo. Hapo juu ilitobolewa tundu la mkufu, likazibwa."

Sonara akaitazama tena, akacheka. "Mjukuu ananifundisha kazi. Basi hii ni ya kuyeyusha tu, nitailipia uzito wa fedha basi."

Bibi akaifunga kwenye pindo la khanga. Njiani akasema, "Una macho mazuri. Kesho uyavae uende nayo shule."

Nilikwenda peku.