Mwanamke Aliyevushwa Kijito

Msusi alikuwa na hadithi moja tu ya mapenzi maishani mwake, na hiyo moja haikuwa yake.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na draya mbili, moja ya kukaushia nywele na nyingine, iliyokwisha kufa, ya kutundikia taulo. Humo alisuka, akaweka dawa, akaosha na kuviringisha vichwa vya nusu ya mtaa. Rasta ni kazi ya kutwa, na mteja hawezi kukimbia kichwa kikiwa kimesukwa upande mmoja, kwa hiyo msusi alikuwa na nafasi ya kumaliza hadithi yoyote aliyoianza. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya kijito.

Ilikwenda hivi. Enzi za uchumba wao, mumewe, fundi wa majokofu, alimpeleka kutembea kwenye hifadhi ya serikali, mahali penye utulivu kati ya milima miwili. Mvua ikanyesha, kijito kikafurika, njia ya kurudi ikakatika. Fundi hakufikiri mara mbili. Alimbeba mgongoni, maji yakimpiga kifuani, na katikati ya mkondo kiatu chake cha kushoto kikachukuliwa na maji. Alipomtua juu ya jiwe ng'ambo, amesimama na kiatu kimoja kama korongo, akamwambia anataka kumwoa. Naye akamjibu, nenda kwanza ukatafute kiatu.

Hapo wateja wenye waume wabahili wa maneno walishusha pumzi, na aliyekuwa akivutwa nywele alisahau kulalamika.

Sasa, msusi hakuwahi kukanyaga hifadhi hiyo wala kubebwa kuvuka kitu chochote. Fundi alimkuta kwa shangazi yake, alikoitwa kutengeneza jokofu. Alilala kifudifudi nyuma ya jokofu hilo, akasema gesi imekwisha, akaomba maji ya kunywa, akauliza kama binti wa nyumba ana mtu. Akarudi tena na tena kwa jokofu ambalo lilikuwa limeshapona, mpaka shangazi, aliyeanza kuamini kifaa chake kimerogwa, akagundua ugonjwa ulikuwa umesimama pale mlangoni na kanga kiunoni. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi yao, yote.

Kijito kilikuja baada ya ndoa. Tajiri wa karakana aliwaalika mafundi na wake zao, na mke wa tajiri, mwanamke wa kupenda mambo matamu, akaanza kuwauliza mmoja mmoja walivyokutana. Zamu ilipomfikia, fundi alikohoa, akarekebisha kola, akamwaga hadithi nzima, mvua, mgongo na kiatu. Msusi alibaki na chupa ya soda hewani. Alikuwa karibu kusema kitu. Lakini wanawake wote waliokuwa mezani walimgeukia kwa macho ambayo hakuwahi kuangaliwa nayo tangu azaliwe, macho ya kijicho safi, na kabla hajajua anafanya nini akawa amekwisha kuinamisha uso na kutabasamu kama mtu anayekumbuka.

Njiani kurudi nyumbani swali lilimkaa kooni: nani alibebwa? Hakuliuliza. Aliona akiuliza atajibiwa. Badala yake alimchukua mwanamke yule asiyemjua akamweka moyoni, akampa na jina, Mwepesi, kwa sababu ya vile alivyobebeka.

Kwa miaka ishirini na kitu, Mwepesi aliishi nao nyumba moja bila kula. Msusi alikuwa mwanamke wa mwili, na kila alipochota ubwabwa wa pili alimwona Mwepesi akigeuza uso kwa adabu, naye akarudisha nusu chunguni. Fundi akinuna, basi anamkumbuka Mwepesi. Fundi akicheka peke yake, Mwepesi kamtania. Siku moja msusi alianguka sokoni akateguka kifundo cha mguu. Mumewe alipofika na kutaka kumbeba, alikataa katakata, akaruka kwa mguu mmoja mpaka kwenye teksi, watu wakimtazama, ili tu asilinganishwe uzito.

Na wakati huohuo hadithi aliisimulia kama yake, tena kwa kuitunza. Akajiongezea gauni la njano. Fundi aliposikia habari za gauni, hakubisha. Wiki iliyofuata akaongeza radi. Ndivyo walivyoilea, kila mmoja akitia chumvi yake kwenye chungu ambacho hakuna aliyejua kilibandikwa na nani.

Taabu ililetwa na binti yao. Alikuwa karani wa benki, na mchumba wake alikuwa kijana mpole, mtengenezaji wa meno ya bandia, ambaye hutabasamu kana kwamba ameyavaa kwa majaribio. Wazee walikuwa wamekwisha kukubaliana kila kitu, lakini binti alitaka aulizwe rasmi, tena aulizwe palepale, kwenye kijito cha wazazi wake, wazazi wenyewe wakiwepo kuonyesha jiwe.

Fundi alitoa visingizio kwa wingi usio wa kawaida. Goti lilimuuma. Gari la mkwe lilikuwa chini mno kwa barabara ile. Hifadhi za serikali siku hizi, alisema, zimejaa nyoka, amesikia kwa mtu. Kwa msusi kila kisingizio kilikuwa kura kwa Mwepesi: mzee haoni vyema kupeleka mtu mwingine mahali pao patakatifu. Akakaza roho.

"Tutakwenda," alisema, "na mimi nitavaa njano."

Wakaenda. Hifadhi ilikuwa kweli kama inavyosemwa. Milima miwili ilikaa imeegemeana kama wazee wasiosikia vizuri, ukungu ukiwa umeifunika mabega, na kati yake msitu ulioshuka mpaka getini. Palikuwa na utulivu kiasi kwamba ulisikia tumbo la mwenzako. Fundi alishuka garini akavuta hewa kwa sauti, akamwambia askari wa hifadhi asihangaike nao, wao ni wenyeji hapa.

Askari, mtu mfupi mwenye fimbo na uso wa kusinzia, aliuliza wanakwenda kijito kipi.

"Kipi vipi?" fundi akauliza.

"Viko vitatu, mzee."

Binti akamtazama baba yake.

"Muulize mama yako," fundi akasema. "Mambo haya wanawake ndio huyakumbuka."

"Muulize baba yako," msusi akasema. "Mimi nilikuwa mgongoni. Aliyetembea ni yeye."

Askari akasema atawapeleka cha kati, maana wengi huenda huko. Kila baada ya siku chache, alieleza wakitembea, huja mzee fulani aliyewahi kumbeba mtu pale. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza tabia za ndege.

Njia panda palikuwa na ubao wenye ramani ya hifadhi, na kitone chekundu kimeandikwa UKO HAPA. Vijana walipita wakipigana picha. Msusi, aliyebaki nyuma kwa sababu ya viatu vyake, alimwona mumewe akirudi kwenye ubao kwa kunyata, akaweka kidole kwenye kitone chekundu, akakisogeza taratibu juu ya ramani, midomo ikisoma neno kwa neno. Mtu anayerudi mahali alipochumbia hasomi hivyo. Hivyo husoma mtu aliyepotea hospitalini akitafuta wodi.

Msusi akaanza kuhisi jambo, lakini hakulipenda, akaliacha kwanza.

Wakafika kijitoni. Maji yalikuwa safi, yakipita juu ya mawe kwa sauti ya mtu anayesuuza vikombe chumba cha pili. Yalifika kwenye kifundo cha mguu.

"Yalikuwa mengi," fundi akaharakisha kusema. "Kifuani. Ilikuwa masika."

Askari aliyatazama maji, akamtazama fundi. "Haya yanatoka kwenye chemchemi, mzee. Masika hufika hapa." Akagusa goti lake. "Na mimi ni mfupi."

Mtengeneza meno, kwa heshima zake, akasema labda tabia ya nchi imebadilika. Kisha akamwomba askari wapande kidogo na mchumba wake kutafuta mahali penye mwanga mzuri wa picha, na wale watatu wakatoweka nyuma ya kona.

Msusi akakaa juu ya jiwe. Gauni lake la njano, jipya, lilikuwa limeshaingia majani.

"Nani alibebwa?" akauliza.

"Wapi?"

"Usinifanye mtoto. Aliyebebwa si mimi. Mtaje tu, nimjue."

Fundi alitazama mlima mmoja, akatazama wa pili. Hakuna uliomsaidia.

"Simjui," akasema.

"Humjui mtu uliyembeba?"

"Sikubeba mtu. Sijawahi kufika hapa." Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Ile ni hadithi ya fundi mkuu, yule aliyenifundisha kazi. Alikuwa akitusimulia tukichomea mabomba. Sasa siku ile mke wa tajiri ananiuliza, na watu wamevaa tai. Ningesemaje? Kwamba tulijuana nimelala nyuma ya jokofu la shangazi yako, mende wananitembea shingoni?"

Mtu angedhani msusi angefurahi. Mumewe hakuwa na mtu. Hakuwahi kuwa na mtu. Lakini furaha haikuja. Alichohisi kilifanana zaidi na kuibiwa. Miaka yote aliyomwonea wivu Mwepesi, vita vyote alivyopigana naye juu ya mizani ya duka la dawa, na kumbe hakukuwa na adui. Alimtafuta moyoni pale alipozoea kumkuta, akakuta mke wa fundi mkuu, bibi mmoja mnene mwenye kisukari aliyewahi kusukwa naye mara kadhaa, na ambaye hakuwa mwepesi hata kidogo.

"Miaka yote hii," alisema taratibu, "ningekuwa nakula."

Fundi hakuelewa, lakini aliona ni afadhali kushambulia kuliko kusubiri. Akauliza kwa nini basi na yeye alinyamaza siku ile. Mbona hakukataa mbele ya watu? Tena si kunyamaza tu, akaleta na gauni.

"Ulivyolieleza lile gauni," akasema, sauti ikipungua, "na vile ulivyolikunja lisilowe, nikaanza kusema moyoni, huenda kweli tulikwenda, mimi ndiye niliyesahau."

"Gauni ni langu," msusi akasema. "Usiliguse."

Sauti za vijana zikarudi. Binti alitokea nyuma ya kona, macho yanang'aa, akauliza jiwe lenyewe ni lipi. Msusi akanyoosha mkono bila kusita, akaonyesha jiwe la karibu ng'ambo ya maji, kwa uhakika wa mtu anayeonyesha kitanda chake.

"Lile. Alinitua pale."

Hakujua kwa nini alisema hivyo. Labda ni mazoea. Labda ni uso wa mtoto wake. Labda, na hili lina uzito zaidi, hakutaka askari yule mfupi aondoke na ushindi.

Mtengeneza meno akakunja suruali, akachutama, binti akapanda mgongoni kwa vicheko. Kijana alikwenda vizuri hatua za kwanza. Mikono yake ilizoea vitu vidogo vidogo, magego na viunzi vya plastiki, haikuzoea karani wa benki aliyeshiba. Katikati alikanyaga jiwe lenye utelezi wa kijani, akayumba, akasema "samahani" kwa adabu kabisa, na wote wawili wakakaa majini. Hakuna aliyeumia. Nywele za binti ndizo zilizoumia, nywele ambazo mama yake alizishughulikia tangu asubuhi ya jana, na simu pia.

Binti aliketi majini akimtazama mchumba wake kwa muda. Kijana, kwa kuwa alikuwa ameshainuka mpaka magotini, aliona amalizie. Akauliza. Binti akasema ndiyo, ila kwa sauti ambayo hutumika benki mteja anapouliza kama foleni ni ile.

Baadaye, wakijikamua, binti alimwuliza mama yake pembeni baba aliwezaje, na maji kifuani. Msusi akamjibu kwamba baba yake alikuwa na nguvu sana enzi zile. Akamfunga kitambaa kichwani, akakikaza kuliko ilivyohitajika.

Walipokuwa njiani kurudi, kijana akiendesha huku suruali yake ikitoa maji kwenye kiti, fundi, aliyekaa mbele, alisubiri mpaka milima ikabaki nyuma. Kisha akakohoa, akarekebisha kola. Akaanza kumweleza mkwe wake jinsi yeye, fundi, alivyoona hatari mapema, alivyoruka kutoka ukingoni, alivyowashika wote wawili kwa mkono mmoja na kuwavuta. Alikuwa amesimama ukingoni wakati wote na kofia mkononi. Mkwe alijua hivyo. Binti alijua hivyo.

"Ni kweli, baba," mtengeneza meno akasema, akitazama barabara. "Bila wewe leo ingekuwa habari nyingine."

Fundi akapata nguvu. Walipofika lami maji yalikuwa yamepanda gotini. Walipoanza kuona taa za mji yalikuwa kifuani, na mkondo ulikuwa unavuta kuelekea maporomoko.

Msusi alikuwa nyuma, kichwa kilicholoa cha binti yake kikiwa begani mwake, ameegemea dirisha. Sasa angeweza kusema. Ilikuwa neno moja tu, na mashahidi wote walikuwa ndani ya gari.

"Si kifuani," akasema. "Acha kupiga chuku. Yalikuwa kiunoni."