Mkeka wa Mbwa wa Jirani

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ana mbwa mwoga na mume mpole, na anayeandaliwa chakula kwa heshima ni mbwa. Kila jioni mama huyu huchukua kimkeka cha mpira chenye vijishimo, cha mbwa kulambia, akakipaka boga lililopondwa na maziwa mgando, akisawazisha kwa mgongo wa kijiko kama fundi anayepiga lipu ikulu. Mbwa akimaliza kulamba, mkeka hulowekwa kwenye maji moto, husuguliwa kwa mswaki kijishimo kwa kijishimo, kisha hunuswa. Mswaki wenyewe ni mpya kuliko wa mume. Bwana akiulizia chakula chake, hujibiwa bila kugeukiwa, "Kiko kwenye sufuria. Pasha." Sisi majirani salamu zetu huitikiwa kwa nyusi, tena moja.

Juzi mvua ilinikuta mlangoni kwao, mume akanikaribisha sebuleni. Radi ikapiga, mbwa akauacha mkeka akajichimbia chini ya kochi. Mama akalala kifudifudi, akaingiza kichwa na mabega humo, mkeka mkononi, sehemu kubwa ya mwili ikabaki nje. Tukasikia sauti laini, ya kubembelezea mtoto mchanga: "Lamba, baba. Lamba, roho yangu. Mimi nipo, hakuna wa kukugusa."

Mume alisimama na sahani yake iliyopoa, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaninong'oneza, "Jirani, kumbe hiyo sauti anayo."