Mwanamieleka wa Kuzibia Ndoo

Mwanangu amefungua boksi la mwanasesere wake mpya, mwanamieleka, na harufu ya plastiki imenifikia jikoni.

Wangu, nilipokuwa mtoto, aliletwa na mjomba kutoka mjini: mzito, kifua wazi, bukta nyekundu. Kila usiku nililala nimemkumbatia. Wakati wa kuvuna mpunga tulipohamia kibandani, shambani huko bondeni, ndoo yetu ya maji ilipasuka. Mama alitia kisu motoni. Siku zote aliziba ndoo kwa kuyeyusha vipande vya beseni kuukuu, ila siku hiyo hakuwa navyo. Akamchukua mwanamieleka wangu, akambinya mguu.

"Hii ndiyo plastiki," alisema.

"Mama, huyo ana macho!"

"Na wewe una kiu."

Kisu kilipomgusa alilia chwaaa, na moshi mweusi ukapanda. Miguu ilianza, kikafuata kifua. Uso ulilainika polepole ukaingia kwenye ufa, jicho moja likabaki wazi. Kila nilipochota maji lilinitazama kutoka chini, na nilikunywa nimefumba macho. Ndoo haikuvuja tena.

Leo mama yupo kwangu, hapa Ifakara. "Hebu mlete, bibi amwone," anamwambia mjukuu wake. Natoka jikoni mbio. Mama anambinya mwanamieleka kifua, kinabonyea, ndani mtupu. Mkono unachomoka.

"Vya siku hizi haviwezi kuziba hata kikombe," anasema, akimrudisha.

Mwanangu analilia ule mkono. Mimi nashusha pumzi.