Chai ya Mchana wa Ramadhani

Bi Mwanamkasi alikuwa akisafisha vyoo vya afisi moja ndogo ya serikali kusini mwa Unguja, na kwa miezi mitatu sabuni alikuwa akija nayo kutoka kwake. Kila akiuliza, Abrahman, mshika fedha za matumizi madogo madogo, humjibu, "Fungu halijaingia, bibi yangu."

Siku moja Abrahman akamwita.

"Naam."

"Tia saini hapa. Kesho wanakuja wakaguzi. Ukikataa, mkataba wako mie sijui."

Bi Mwanamkasi akavaa miwani, akaisoma karatasi polepole. Katoni nne za sabuni, kapokea yeye. Chini yake, chai na sambusa za kikao, saa nne asubuhi. Akaitazama tarehe, akahisabu kwa vidole: kumi na saba Ramadhani.

"Mwanangu, siku hiyo nani alikula humu?"

Abrahman akacheka. "Karatasi tu hiyo, Bi Mwanamkasi. Karatasi haifungi!"

Roho ikamchafuka. Uchafu wa chooni alishauzoea, ule una maji yake ya kuusafisha; huu hauna.

"Astaghafirullah! Hata mwezi mtukufu hamkuuonea haya? Mkataba ukate. Kesho nitawangoja wakaguzi mlangoni, na kipande changu cha sabuni mkononi."

Kalamu akairudisha mezani, akenda kunawa mikono, mara tatu.