Kipande Changu Kule Kwenye Baridi

Mama yangu huuza samaki wa barafu soko la Manika, mjini Kolwezi, na friza yake ndiyo mkuu wa nyumba yetu ya Dilala: ikinguruma tunatulia, ikinyamaza wote tunainuka. Kwa hiyo daktari alipotamka neno "kugandisha", nilijua kazi ipo.

Nilikuwa na saratani ya tezi za limfu. Ndugu walichanga, mama na mimi tukafika Afrika Kusini, mbele ya daktari mwanamke mzaliwa wa Likasi, Kongo kwetu. Alieleza kwamba dawa ya kuua ugonjwa ni kali, huenda ikaua na mayai yangu yote ya uzazi. Kuyavuna mayai yenyewe kungetaka sindano za siku nyingi, na ugonjwa haungojei. Lakini angeweza kutoa ovari moja kati ya mbili, kuimenya ganda lake lenye mayai, na kuligandisha mpaka nipone. Kisha angelirudisha mwilini.

"Kiko kizima, juu ya nini mukikate?" mama akauliza. "Na kitu ya kuganda, docteur, ilishakufa. Miaka yote niko nauzisha samaki, hapana hata mumoja niliona analamuka."

Daktari alicheka. Mimi nilikasirika. Sina mchumba, sina mtoto, na mama analinganisha uzazi wangu na samaki! Lakini hasira yangu ni moto wa mabua, udadisi ndio ugonjwa wangu wa kudumu. Swali lilikuwa zuri, na jibu nililitaka kuliko yeye.

"Samaki anaganda na maji yake ndani," daktari akasema. "Ile maji inakuwa barafu, inapasula nyama. Sisi tunatosha maji inje kwanza na dawa, halafu tunashusha baridi polepole."

"Na courant ikikatika?" Mama aliujua umeme wetu.

"Haiko na courant, mama. Iko mu tanki ya hewa ya baridi sana, mpaka ile hewa inakuwa maji. Ikipunguka, banaongezaka tu."

Mama hakuamini. Bwawa la umeme la Nzilo liko jirani yetu na bado umeme unatukimbia, sembuse baridi isiyo na waya!

Mimi niliamua kwa sababu ya kazi yangu. Mgodini ninakata mawe. Mashine ya kutoboa ikileta jiwe refu kutoka chini, ninalipasua katikati kwa msumeno. Nusu husagwa maabara kutafutwa shaba, nusu hurudi sandukuni na namba yake, na tunaiita shahidi. Majibu yakileta ubishi, shahidi ndiye anayeulizwa. Hakuna mpumbavu anayesaga nusu zote mbili. Nikakubali, mama akalia mbele yangu, nami niliumia sana.

Nilipozinduka baada ya upasuaji, niliomba kukiona kipande changu. Daktari alinionyesha picha kwenye simu: vipande vyembamba, vyeupe, kama maganda ya kitunguu. Mayai hayaonekani kwa macho. Eti watoto wangu wote, kama wapo, wamo humo! Akaniambia kipande kimoja wamekipima kuona kama kina ugonjwa, nacho hakitarudi. Hakikuwa na ugonjwa. Nilimpenda kwa kutonificha.

Tulirudi Kolwezi baada ya dawa, mimi bila nywele na bila hedhi. Jioni ya kwanza umeme ukakatika. Mama akaifunika friza kwa blanketi ili baridi isitoke, kisha akanigeukia, kidole kikielekea kusini.

"Na kule?"

"Kule haiko na courant, mama."

"Bon," akaitikia.

Ikawa desturi yetu. Umeme ukienda, blanketi kwanza, kisha "Na kule?" Yule aliyelia nisikatwe ndiye sasa aliyekuwa mlinzi. Siku moja nilimjibu kwa ukali kwamba tuliambiwa na tukaelezwa.

"Balikuambia," akasema. "Weye uliona?"

Sikuwa nimeona. Tangu hapo nami nikawa najiuliza swali lake, kimyakimya, hata mgodini, msumeno ukizimika ghafla.

Nilipona, lakini hedhi haikurudi. Ile ovari iliyobaki ilikuwa imekufa kwa dawa. Tukarudi kwa daktari, vipande vikayeyushwa, vikashonwa mahali pake. Alinionya kwamba mtoto si ahadi, na kwamba hata damu ya hedhi itachukua miezi kurudi. Nilingoja, nikijichunguza kila asubuhi, nikiogopa kwamba mama alisema kweli kuhusu samaki.

Siku ilipofika nilikuwa sokoni nikimsaidia mama kupanga meza. Nilikwenda chooni, nikarudi, nikamnong'oneza kwamba damu imerudi. Alikalia sanduku tupu la samaki akalia tena, na wateja wakasubiri.

Jioni ile umeme ulikatika. Friza ikanyamaza, nami nikangoja swali. Mama akaifunika kwa blanketi lake, akaingia chumbani, akatoka na blanketi la kitanda chake. Akanifunga nalo tumboni, akalikaza kwa nguvu.

"Samaki akae na baridi," akasema. "Weye kaa na moto."